Masharti Yasiyovuka: Kuunganisha Hifadhidata ya Kamusi ya Kiswahili na Huduma ya Data ya Wingu

Ikisiri

Data za leksikografia na za kopasi ya Kiswahili zinaweza leo kuhifadhiwa na kuchakatwa katika huduma za data za wingu, lakini maarifa ya kisarufi yaliyojengwa ndani ya hifadhidata hayahami kwa urahisi uleule. Makala hii inaeleza namna hifadhidata ya kihusiano inavyounganishwa na huduma hizo, na inaonesha kwamba kinachovuka katika muunganisho ni thamani zilizomo katika majedwali, si masharti yanayozifunga pamoja. Kwa kutumia mifano ya ngeli, minyambuliko ya vitenzi, homonimia na uandishi wa ng', makala inadai kwamba uamuzi kuhusu kitakachovuka na namna ya kuvuka ni uamuzi wa kiisimu kabla ya kuwa wa kiufundi.

1.0 Utangulizi

Kwa muda mrefu kamusi ya Kiswahili ilikuwa kitabu. Baadaye ikawa faili la kuchakatia matini, na sasa inazidi kuwa hifadhidata. Hatua inayofuata, yaani kuiunganisha hifadhidata hiyo na huduma ya wingu, mara nyingi huachiwa fundi wa kompyuta. Mwanaisimu hukabidhi majedwali, fundi huunganisha, na baada ya siku chache majibu huanza kutoka. Mtazamo unaoongoza makala hii ni kwamba mgawanyo huo wa kazi una kasoro, kwa kuwa baadhi ya makosa yanayozalishwa na muunganisho hayatoi ujumbe wowote wa hitilafu. Hutoa takwimu zinazoonekana kuwa sahihi, nazo zikaingia katika tasnifu.

Ni vyema ielezwe mapema kwamba kamusi peke yake haihitaji wingu. Kamusi yenye vidahizo 30,000, pamoja na maana na mifano yake yote, ni data ndogo ambayo kompyuta ya mezani huimudu bila taabu. Haja hujitokeza pale kamusi inapokutanishwa na kopasi. Kopasi ya Kiswahili ya Helsinki, iliyochanganuliwa kwa mfumo wa SALAMA wa Arvi Hurskainen, ina maneno yapatayo milioni 25 katika toleo lake la pili, na kila neno lina uchanganuzi wake wa kimofolojia. Mtafiti akitaka kujua ni vitenzi vipi vyenye kauli ya kutendea na ya kutendana kwa pamoja, kama vile andikiana na pigiana, vinavyotumika katika matini lakini havimo katika kamusi, atalazimika kulinganisha mkusanyiko mkubwa sana na mwingine mdogo lakini wenye mpangilio mkali. Huduma za wingu zimeundwa kwa maswali ya aina hiyo.

2.0 Jedwali, uhusiano na upatanisho

Mwaka 1970 Edgar F. Codd, aliyekuwa mtafiti wa kampuni ya IBM huko San Jose, California, alichapisha makala iliyoweka msingi wa hifadhidata za kihusiano. Istilahi yenyewe inastahili neno moja hapa, kwani watumiaji wengi wa Kiswahili, na hata wa lugha nyingine, hudhani kuwa hifadhidata inaitwa ya kihusiano kwa sababu majedwali yake yanahusiana. Kwa Codd, uhusiano ni dhana ya hisabati, na unamaanisha jedwali lenyewe: mkusanyiko wa safumlalo ambamo thamani za safuwima mbalimbali zimehusishwa pamoja. Viungo kati ya jedwali na jedwali ni suala jingine, nalo hushughulikiwa kwa funguo. Ufunguo msingi huitambulisha safumlalo moja bila utata. Ufunguo mgeni ni thamani katika jedwali moja inayorejelea ufunguo msingi wa jedwali jingine, na hifadhidata ikiagizwa kuulinda, itakataa rejeleo lolote lisilo na mlengwa.

Umuhimu wa ulinzi huo kwa Kiswahili huonekana mara moja katika ngeli. Mbunifu wa kwanza wa hifadhidata ya kamusi kwa kawaida huweka safuwima moja iitwayo ngeli katika jedwali la vidahizo. Mpango huo unafaa kwa kitabu na mti. Haufai kwa kipofu, ambalo umbo lake ni la KI-VI lakini upatanisho wake ni wa A-WA: kipofu mmoja anaimba, vipofu wawili wanaimba. Safuwima mbili, moja ya umbo na nyingine ya upatanisho, zingeonekana kutosha hadi tufikie rafiki na ndugu. Tunasema rafiki mwema anakuja, lakini rafiki yangu. Ndugu wawili wanakuja, lakini ndugu zangu. Kivumishi na kiambishi cha kitenzi hufuata ngeli moja, kimilikishi hufuata nyingine. Kwa hiyo upatanisho si sifa moja ya kidahizo, bali ni jedwali linalojitegemea, lenye kidahizo, idadi, aina ya kipatanishi na ngeli. Kila safumlalo ya jedwali hilo lazima irejelee kidahizo kilichopo na ngeli iliyopo. Mwandishi akikosea na kuandika ngeli ya 19, hifadhidata humkatalia papo hapo.

Minyambuliko nayo hudai muundo wake. Piganisha hutokana na pigana, na pigana hutokana na piga. Hivyo jedwali la vitenzi hujirejelea lenyewe, kila umbo likielekeza kwenye umbo lililolizaa. Frederick Johnson, katika kamusi yake ya mwaka 1939, aliwasilisha ukoo wa kitenzi kwa kuweka maumbo nyambulishi chini ya mzizi wake. Hifadhidata hufanya kazi ileile bila kulazimika kuchagua mpangilio mmoja wa kurasa: msomaji anaweza kuanzia kwenye mzizi na kushuka, au akaanzia kwenye tawi na kupanda.

3.0 Njia tatu za kuunganisha

Njia ya kwanza ni kupakia nakala. Majedwali huhamishiwa katika mafaili, na mafaili hupandishwa katika huduma kila usiku au kila wiki. Njia hii ni rahisi, na kwa kamusi inayohaririwa polepole inatosha kabisa. Tahadhari yake ni aina ya faili. Faili la maandishi lenye thamani zilizotenganishwa kwa mkato halibebi aina za data, na zana nyingi zinapolisoma hushindwa kutofautisha thamani tupu na thamani isiyokuwapo. Kwa mleksikografia tofauti hiyo ni kubwa: safuwima ya wingi ikiwa tupu kwa makusudi, hiyo ni kauli kwamba nomino haina umbo la wingi, ikiwa haijajazwa, maana yake ni kwamba hakuna aliyechunguza. Muundo wa Parquet, ambao hubeba aina za data pamoja na data zenyewe, huepusha sehemu kubwa ya tatizo hili.

Njia ya pili ni swali la mbali. Data hubaki katika hifadhidata, na huduma ya wingu huipelekea swali kila inapohitaji. BigQuery ya Google, kwa mfano, inaweza kutuma swali katika hifadhidata ya PostgreSQL au MySQL iliyomo katika Cloud SQL na kulipokea jibu kama jedwali. Faida yake ni kuwa jibu huwa la wakati uleule na hakuna nakala ya kusimamia. Kasoro yake ni kwamba mzigo wa swali huiangukia hifadhidata ileile ambayo wahariri wanaitumia.

Njia ya tatu, mkondo wa mabadiliko, ndiyo inayovutia zaidi kinadharia. PostgreSQL huandika kila badiliko katika daftari maalumu kabla ya kuligusa jedwali lenyewe, ili mfumo ukizimika ghafla usipoteze kitu. Programu kama Debezium hulisoma daftari hilo na kulipeleka kila badiliko mahali pengine, likiwa dogo na peke yake: kidahizo kimeongezwa, maana imerekebishwa, mfano umefutwa. Nakala ya wingu hufuata ya asili kwa kuchelewa sekunde chache.

Kuhusu usalama wa njia zote tatu, machache yanatosha. Mtumiaji wa muunganisho apewe ruhusa ya kusoma tu, mawasiliano yasimbwe, nywila isiandikwe ndani ya programu, na lango la hifadhidata lisiachwe wazi kwa intaneti nzima. Pia mwelekeo uwe mmoja. Uhariri ufanyike katika hifadhidata ya asili, na wingu libaki mahali pa kusomea. Pale marekebisho yanaporuhusiwa pande zote mbili, haipiti muda kabla ya kidahizo kimoja kuwa na fasili mbili, na hakuna awezaye kusema ipi iliidhinishwa na wahariri.

4.0 Masharti yasiyovuka

Huduma kubwa za uchanganuzi wa data hazilindi funguo kwa namna hifadhidata za kihusiano zinavyofanya. BigQuery na Amazon Redshift zinamruhusu mtumiaji kutangaza ufunguo msingi na ufunguo mgeni, lakini hazikatai data inayokiuka tangazo hilo. Katika majedwali ya kawaida ya Snowflake, ufunguo mgeni nao hutangazwa bila kulindwa. Si uzembe wa wabunifu. Data katika huduma hizi hugawanywa katika mashine nyingi, na kuhakiki kila rejeleo wakati wa kuandika kungepunguza kasi ambayo ndiyo sababu ya kuwapo kwake. Jambo ambalo aghalabu halielezwi kwa mtafiti ni kwamba huduma huweza kulitumia tangazo hilo kufupisha kazi ya swali, kwa kuamini kuwa ni la kweli. Likiwa si la kweli, jibu linaweza kuwa na makosa.

Tuchukue mhariri aliyefuta kidahizo kilichorudiwa, pamoja na mifano yake kumi. Katika hifadhidata ya asili tendo hilo hukamilika lote au halifanyiki kabisa. Katika mkondo wa mabadiliko, jedwali la vidahizo na jedwali la mifano mara nyingi husafiri kwa njia tofauti, na taarifa za moja huweza kutangulia za jingine. Kwa muda fulani, au kwa kudumu iwapo taarifa moja imepotea, wingu huwa na mifano kumi yatima, isiyo na kidahizo. Mwanafunzi anayehesabu mifano kwa kila ngeli atayaunganisha majedwali mawili, na mifano yatima itaanguka kimyakimya. Jumla yake itapungua kwa kumi, wala hatajua.

Kosa la kinyume chake ni la kuzidisha, nalo linatokana na homonimia. Kopasi haina namba za vidahizo vya kamusi. Ina maumbo ya maneno. Kwa hiyo kishawishi ni kuunganisha kopasi na kamusi kwa umbo. Kaa, hata hivyo, ni kidahizo cha mnyama wa majini, cha kipande cha makaa, na cha kitenzi cha kuketi. Tukio moja la kaa katika matini, likiunganishwa kwa umbo tu, hurudi likiwa safumlalo tatu, na katika takwimu za marudio kila moja hudai hesabu kamili. Kuongeza aina ya neno kama sehemu ya kiungo huondoa kitenzi, lakini nomino mbili hubaki zimegongana. Kwa paa, lenye nomino ya nyumba, nomino ya mnyama na zaidi ya kitenzi kimoja, hata aina ya neno haisaidii sana. Hapa hakuna ujanja wa kiufundi unaotosha. Ni lazima kuwe na jedwali la kati linalohusisha tukio la kopasi na namba ya kidahizo, likijazwa kwa uchanganuzi na kuhakikiwa na mtu anayekijua Kiswahili. Matukio ambayo hayajaamuliwa yaachwe yakiwa na alama hiyo, yasigawiwe kwa kukisia.

Kwa kuwa wingu halilindi masharti, kinachobaki ni kuyahakiki baada ya kila upakiaji. Kila sharti la hifadhidata ya asili hugeuzwa kuwa swali ambalo jibu lake linapaswa kuwa sifuri: kuna mifano mingapi isiyo na kidahizo? Kuna vipatanishi vingapi vyenye ngeli isiyomo katika jedwali la ngeli? Kuna vitenzi vingapi vinavyodai kutokana na umbo lisilokuwapo, au, kwa mzunguko, kutokana na vyenyewe? Maswali haya hayana ugumu wowote kuyaandika, ila yanahitaji mtu anayejua masharti yalikuwa yapi.

Kuna pia suala la umbo la data lenyewe. Huduma kama BigQuery huruhusu safumlalo moja kubeba orodha ndani yake, na washauri wa kiufundi mara nyingi hupendekeza majedwali mengi yakunjwe kuwa moja: kidahizo, na ndani yake maana, na ndani ya kila maana mifano. Msomaji wa leksikografia atatambua mara moja kwamba huko ni kurudi kwenye kitomeo cha kamusi iliyochapwa. Mkunjo huo si mbaya kwa kusomea. Ila mifano inayofaa kwa vidahizo viwili hulazimika kuandikwa mara mbili, na ukoo wa vitenzi, ambao una vina visivyolingana, haukunjiki vizuri. Maoni yetu ni kwamba mkunjo utengenezwe ndani ya wingu kutokana na majedwali yaliyopakiwa jinsi yalivyo, ili uweze kutupwa na kutengenezwa upya.

5.0 Ritifaa katika ng'

Hakuna alama ya othografia ya Kiswahili inayoleta matatizo mengi katika muunganisho kama ritifaa. Kwa mfumo wa Unicode, alama tatu tofauti huonekana machoni kuwa ritifaa: ile iliyonyooka ya kibodi, yenye msimbo 39, ile iliyopinda ambayo programu za kuchakatia matini huiweka zenyewe, yenye msimbo 8217, na ile inayohesabiwa kuwa herufi, yenye msimbo 700. Ng'ombe aliyeandikwa na wahariri watatu kwa kompyuta tatu anaweza kuwa maneno matatu, na hakuna kiungo kitakachowakutanisha. Hata mpangilio wa alfabeti hufichua mgawanyiko huo. Huduma inayopanga kwa namba za misimbo humweka ng'ombe wa msimbo 39 kabla ya ngamia, kwa kuwa 39 ni ndogo kuliko namba ya herufi yoyote. Ng'ombe wa misimbo mingine miwili huenda baada ya nguzo na ngwe. (Kwa mpangilio huohuo Zanzibar hutangulia abiri, kwa sababu herufi kubwa zote hutangulia herufi ndogo.)

Alama iliyonyooka ina tatizo la ziada. Katika lugha ya maswali ya hifadhidata, ndiyo inayofungua na kufunga matini. Swali lililotungwa kwa kubandika neno la mtumiaji moja kwa moja hukatika katikati ya ng'ombe, na mlango huohuo ndio wanaoutumia wavamizi kuingiza amri zao. Dawa ni kulipeleka neno kama kigezo kilichotengwa na swali, jambo ambalo lugha zote kuu za programu zinaliwezesha. Utafutaji wa matini nao una vikwazo vyake: kichanganuzi cha kawaida cha PostgreSQL huichukulia alama iliyonyooka kuwa mpaka wa neno, kikatoa ng na ombe. Kwa Kiswahili huu ni uchanganuzi potofu, kwani ritifaa hapa haitenganishi chochote, bali ni sehemu ya tahajia ya konsonanti moja, nazali ya kaakaa laini.

Pendekezo letu ni mradi uchague msimbo mmoja, uutangaze katika maelezo ya hifadhidata, na uubadilishe kila mwingine unapoingia, kabla ya muunganisho wowote. Msimbo 700 una hoja nzuri ya kiisimu, kwani Unicode huuhesabu kuwa herufi. Msimbo 39 una hoja ya matumizi, kwa kuwa ndio uliopo kwenye kibodi, na ndio mtafutaji atakaouandika. Tunaelekea kwenye 700 kwa hifadhi na 39 kwa utafutaji, neno la mtafutaji likigeuzwa kabla ya kupelekwa. Mradi mdogo usio na mtu wa kusimamia ugeuzaji huo utasalimika zaidi ukibaki na 39 pande zote.

6.0 Umbali

Vituo vikubwa vya huduma hizi vilivyo karibu zaidi na Afrika Mashariki upande wa kusini viko Afrika Kusini: Amazon ilifungua eneo lake la Cape Town mwaka 2020, na Google la Johannesburg mwaka 2024. Umbali huo hauna uzito kwa nakala ya kila usiku. Una uzito kwa swali la mbali, na zaidi kwa mkondo wa mabadiliko. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika, na intaneti ikazorota katika nchi kadhaa za Afrika Mashariki, Tanzania ikiwa miongoni mwa zilizoathirika sana. Katika hali kama hiyo hifadhidata ya PostgreSQL yenye mkondo huendelea kutunza daftari la mabadiliko kwa ajili ya msomaji asiyepatikana. Daftari hukua, diski hujaa, na mwishowe hifadhidata yenyewe husimama. Kukatika kwa waya baharini kunamzuia mhariri aliye katika jengo moja na seva. Tangu toleo la 13, la mwaka 2020, PostgreSQL inaruhusu kuweka kikomo cha daftari hilo. Kikomo kikipitwa, mkondo hubatilika na nakala hulazimika kuanzishwa upya, hasara ambayo ni ndogo ikilinganishwa na kazi ya uhariri kusimama.

7.0 Wasemaji

Hifadhidata za lahaja na fasihi simulizi hubeba pia taarifa za watu: jina la msimulizi, kijiji, umri, pengine sauti yake. Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019 na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya mwaka 2022 zote zinaweka masharti ya kusafirisha taarifa binafsi nje ya nchi, na kupakia jedwali katika seva iliyo Johannesburg au Ulaya ni kusafirisha. Muundo wa majedwali unasaidia sana hapa: wasemaji wakiwa katika jedwali lao, jedwali hilo linaweza kubaki nyumbani, na wingu likapata namba ya msemaji pekee. Hata hivyo, namba haitoshi ikiwa imefuatana na kijiji, umri na kazi. Katika kijiji kidogo cha wasemaji wa lahaja, mganga mwenye miaka 80 ni mtu mmoja, na jirani yake yeyote atamtambua. Kabla ya kuvuka, kijiji kipanuliwe kuwa wilaya, umri uwe wa makundi ya miaka kumi, na kazi iondolewe pale uchanganuzi usipoihitaji. Sauti ishughulikiwe peke yake, kwa ridhaa iliyotaja waziwazi kwamba rekodi itahifadhiwa nje ya nchi. Fomu za ridhaa zilizosainiwa kabla ya kuwapo kwa mpango huo zisichukuliwe kuwa zimeuruhusu.